Tundu la Nne

Ajit aliisikia Landrova kabla hajaiona. Alikuwa amelala chali chini ya gari la mteja mmoja wa Handsworth, akifungua giaboksi, mlio ukaingia uani mwembamba na mkali kama wa kisu kinachonolewa. Kisha injini ikazimwa, na sauti ya mwanamume ikasema kwa Kiswahili, bila kumlenga mtu yeyote, "Ee Mungu, hili gari litanitoa roho."

Ajit akajisukuma kwa mgongo mpaka kichwa kikatokeza. "Litakutoaje roho na wewe ndiye uliyelinunua?"

Yule mwanamume akaangalia kilemba, ndevu, na ovaroli iliyojaa grisi. Akacheka mpaka akashika boneti. "Kalasinga! Wa wapi wewe?"

"Nakuru. Nyumba za reli. Na wewe?"

"Maragoli. Lakini nimefundisha Nakuru miaka miwili. Haki ya Mungu siamini. Aston!"

Hivyo ndivyo Ajit na Cleopas walivyojuana, Novemba ya 1973, katika gereji ya Aston, Birmingham, iliyokuwa chini ya matao ya reli, ambapo kila treni ilipopita juu spana zilitikisika ukutani.

Ajit alikuwa amejifunza ufundi kwa baba yake, akatengeneza magari ya wakulima wa Molo na Rongai tangu hajaota ndevu. Landrova aliijua kama mtu anavyoijua nyumba aliyozaliwa. Mwanzoni mwa 1968, Wahindi wa Kenya walipokuwa wakigombania ndege kabla Uingereza haijawafungia mlango, naye alipanda na mkewe Rajni na binti zao wawili. Birmingham haikumuuliza anajua nini. Alifagia kiwanda cha vyuma, akabeba mizigo, mpaka shemeji yake Gurmit, mume wa dada yake mkubwa, alipofungua gereji na kupata kibali cha serikali cha kukagua magari. Gurmit akamwita kazini. Akampa na vyumba viwili vya juu katika nyumba yake ya Handsworth. Kwa hiyo Ajit alikula kwa mkono wa Gurmit na kulala chini ya paa la Gurmit, na ingawa hakuna aliyemkumbusha, hakusahau.

Cleopas alifanya kazi kiwandani siku za wiki, na Jumapili aliongoza ibada ya Wakenya katika ukumbi wa kukodi kule Erdington. Mkewe Peninah alikuwa mkunga hospitalini. Walikuwa na binti mmoja, Milka, wa miaka sita, aliyeelewa Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza. Landrova waliinunua ili kuwakusanya manesi mabwenini kwao siku za ibada, maana nyuma ilikuwa na viti virefu viwili vilivyotazamana.

Lakini haikuwa Landrova ya kawaida. Ilikuwa imeundwa papo hapo jirani, Solihull, mwaka wa 1969, ikapelekwa Amerika, kisha ikarudi Uingereza na mwanajeshi wa anga wa Kimarekani aliyeiuza alipohamishwa. Usukani ulikuwa kushoto. Na kwa kuwa Wamarekani walikuwa wameanza kutunga sheria za moshi, kwenye injini kulikuwa na pampu ya kusukuma hewa safi. Hewa hiyo ilipita katika mabomba manne membamba, ikaingia kila mahali moshi ulipotokea kwenye silinda, ili mabaki ya petroli yaungue humo humo yasitoke barabarani. Pampu hiyo ndiyo iliyokuwa ikilia.

"Imekufa," Ajit alisema alipoigusa. "Na nyingine hapa hupati. Mpaka Amerika."

"Basi itoe."

"Kuitoa si kazi. Lakini iliwekwa kwa sababu."

"Sababu ya Wamarekani," Cleopas alisema. "Fundi, petroli yenyewe unajua ilivyo. Watu wanapanga foleni, serikali imetugawia kuponi. Hili dude linakula nguvu ya injini bure. Na cheti cha ukaguzi kimekwisha. Jumamosi ijayo tuna harusi mjini Leicester, na magari ya wengine yatabaki nyumbani ili tuokoe mafuta. Wote wanapanda hili."

Gurmit alitoka ofisini akifuta mikono. Alikuwa mtu mnene, mpole kwa wateja, mwenye haraka kwa kila mtu mwingine. Akaitazama pampu. "Ukaguzi wa hapa unaangalia breki, usukani, taa, matairi na mikanda ya viti," alisema kwa Kiswahili chake cha Kisumu. "Mambo ya pampu hayamo. Toa, tupa."

Alhamisi Ajit akaitoa. Mkanda, pampu, valvu, mabomba, vyote akaviweka sakafuni. Yakabaki matundu manne upande wa ekzosi, bomba la kutolea moshi. Alitengeneza vizibo vya chuma, na vitatu vikaingia vizuri, vikakaza. Tundu la nne lilikataa. Bomba lake lilikuwa limeshikwa na kutu, na lilipotoka lilitoka na meno yote ya ndani, likaacha tundu laini lisiloshika kitu.

"Hili linataka kupanuliwa na kukatwa meno mapya," alimwambia Gurmit. "Kifaa cha ukubwa huo hatuna. Nitakipata Jumatatu."

"Mtu ana harusi Jumamosi. Tia bolti, uipige ule udongo wa kuzibia ekzosi, akirudi utafanya vizuri."

"Joto la pale litaula udongo, na moshi utatokea hapo."

"Kwa siku mbili?" Gurmit alikuwa ameshageuka. "Utamwambia arudi Jumatatu."

Ajit akatia bolti. Akaisokota mpaka ikakwama kwa kulazimishwa, akaipaka udongo pande zote, akawasha injini na kuweka kiganja karibu. Hakuhisi upepo wowote. Injini ilinguruma kwa utulivu, haikulia tena.

Ijumaa Gurmit akaikagua. Breki zilishika. Usukani haukuwa umelegea, taa zote ziliwaka. Cleopas alikuja alasiri kutoka kiwandani, bado na vumbi la chuma kwenye nyusi, akamkuta Gurmit amesimama mlangoni na cheti.

"Imepita," Gurmit alisema.

Cleopas alirusha kofia yake juu kama kijana. Alimkumbatia Gurmit, akamkumbatia Ajit, ovaroli na grisi yake. Aliingia ndani ya gari, akawasha, akasikiliza. "Sikia! Inaimba! Fundi, iko sawa sasa?"

Ajit akafungua mdomo. Gurmit alikuwa amesimama kati yao, mkono begani mwa Cleopas, akitabasamu, na akajibu yeye. "Iko sawa kabisa, bwana. Salimia maharusi."

Hapo ndipo Ajit alipopaswa kusema. Maneno yalikuwa machache tu: tundu moja bado, fungua madirisha, urudi Jumatatu. Lakini kuyasema pale kungekuwa kumwambia shemeji yake, mbele ya mteja, kwamba amesema uongo. Alifikiri atamwambia Cleopas pembeni, gari likitoka. Gari likatoka, likaenda moja kwa moja barabarani, na Cleopas akapunga mkono dirishani.

Jumamosi asubuhi Ajit hakuweza kunywa chai. Rajni alimuuliza ana nini, akasema tumbo. Kisha akavaa koti akapanda basi mpaka Erdington. Alikuwa hajui nyumba, akauliza dukani, akaelekezwa. Mlango ulikuwa umefungwa. Jirani, bibi wa Kizungu aliyekuwa akisugua kizingiti chake, akamwambia wametoka, tena kwa kelele na nyimbo, watu tisa ndani ya gari moja, hata hajui walivyoenea.

Yaliyotokea njiani Peninah alimsimulia baadaye.

Kulikuwa na baridi kali, na ukungu. Madirisha yote yalifungwa na turubai la nyuma likakazwa kamba. Peninah alikaa mbele na Milka. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, tena alikuwa na mimba ya miezi mitano, kwa hiyo kichwa kilipoanza kumgonga hakushangaa. Nyuma manesi walikuwa wakiimba. Walipopita Nuneaton, Milka alisema anajisikia vibaya, akatapika kwenye mtandio wa mama yake. Peninah akamwambia Cleopas asimame kidogo.

"Tumeshachelewa, Mama Milka. Nami ndiye wa kufungua kwa maombi. Ni kona za barabara tu zinazomtapisha."

Wakaendelea. Peninah akamfuta mtoto. Baada ya muda aligundua kwamba nyimbo zimekwisha. Aligeuka nyuma. Gertrude, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, alikuwa ameegemea bega la mwenzake, mdomo wazi. "Nyinyi, mbona kimya?" Mmoja akasema kichwa kinamuuma. Mwingine akasema hata yeye. Wa tatu hakujibu.

"Baba Milka, simama."

"Tunakaribia Hinckley, tutasimama—"

"Simama! Kichwa cha mtu mmoja ni ugonjwa. Vichwa vya gari zima ni hewa!"

Hakumngoja. Alivuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Gari likayumba, likapanda majani ya kando, likazima. Alifungua mlango, akamtoa Milka, akazunguka nyuma na kuikata ile kamba kwa mkasi wake wa kazi. Aliwashusha mmoja mmoja. Gertrude walimburuta kwa makwapa. Wakalala kwenye majani yenye barafu na nguo zao za harusi, wakitapika, na Cleopas akisimama katikati yao akizunguka tu, hajui ashike nini, midomo yake yenyewe haina nguvu. Dereva wa lori ndiye aliyesimama na kwenda kupiga simu.

Hospitalini wote walipewa hewa ya oksijeni. Gertrude alizinduka jioni. Milka alikaa siku mbili akarudi kwenye michezo yake. Peninah alijihisi mzima kuliko wote, akawa anawafariji wengine. Lakini Jumapili aliweka kiganja tumboni, akangoja. Alikuwa amewafundisha akina mama wengi kungoja hivyo. Jumanne mtoto akazaliwa, wa kiume, hakulia.

Landrova ilivutwa mpaka gereji ya Aston Jumatatu, kwa kuwa Cleopas hakujua fundi mwingine. Ajit alifungua boneti peke yake. Bolti haikuwepo. Pale ilipokuwa palikuwa na tundu jeusi, na masizi yametandaa kwenye ukuta unaotenga injini na dereva mpaka kwenye mipira chakavu ya pedali, ambako moshi ulipata njia ya kuingia. Alisimama hapo treni mbili zikapita.

"Tia kizibo kipya," Gurmit alisema nyuma yake, sasa kwa Kipunjabi, sauti chini. "Ekzosi hupasuka. Gari limechoka."

"Haikupasuka. Ni bolti yetu."

"Nani ameiona?"

"Mimi."

Siku mbili baadaye habari za mtoto zikafika. Gurmit alikaa kwenye kiti cha ofisini, akavua miwani, na kwa muda Ajit alidhani atalia. Kisha akasema, "Daktari amesema ni moshi?"

"Amesema huenda."

"Huenda. Wanawake hupoteza mimba bila hata kupanda gari. Sikiliza, Ajit. Mimi nilikagua vile sheria inavyotaka. Sheria haikuniuliza habari ya ekzosi. Nikifungiwa kibali, dada yako atakula nini? Binti zako watalala wapi?"

Hakusema kwa vitisho. Alisema kama mtu anayeomba.

Lakini kesho yake alikwenda tena Erdington. Cleopas alifungua mlango, akamkaribisha, akaanza hata kuweka maji ya chai. Alikuwa hajanyoa. "Umefanya vema kuja, ndugu yangu. Wewe ni mtu. Wanasema ekzosi ilipasuka. Nani angejua?"

"Mimi nilijua," Ajit alisema, bado amesimama. Akamweleza: tundu la nne, bolti, udongo, na vile alivyofungua mdomo akaufunga. Hakumtaja Gurmit zaidi ya ilivyobidi.

Cleopas alizima gesi. Alikaa akiitazama sufuria. "Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza, fundi, iko sawa? Kwa Kiswahili nilikuuliza. Hakuna Mzungu pale."

"Uliniuliza."

"Nenda."

Ajit akaenda.

Polisi walikuwa wamepeleka taarifa, na baada ya wiki moja mkaguzi wa serikali akaja gerejini, Mwingereza mrefu mwenye mafua. Gurmit akampa maelezo yake. Ajit hakuulizwa, lakini alimfuata yule mkaguzi nje, akamwonyesha tundu na kumweleza yote kwa Kiingereza chake cha kukwaruza. Yule mtu alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa pua. Akasema kwamba cheti kilitolewa kihalali, kwamba pampu haikuhitajika na sheria ya nchi hii, na kwamba ekzosi si sehemu ya ukaguzi. Mahakama ingeweza kuwa na maoni mengine, lakini si ofisi yake. Akasikitika. Akaondoka.

Basi hakuna aliyeadhibiwa. Ajit alikuwa amejiandaa kwa kila jambo isipokuwa hilo.

Gurmit hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba mtu aliyetaka kumfunga hawezi kulala juu ya kichwa chake. Dada yake Ajit alilia ngazini. Rajni alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, akauliza, "Tutakwenda wapi?" Ajit akasema hajui. Rajni akaanza kukunja mablanketi. Tangu hapo hakumlaumu kwa kusema, lakini usiku mmoja alimwambia, "Ungesema ile Ijumaa, tungekuwa na nyumba na wao wangekuwa na mtoto," na neno hilo lilikaa kati yao miaka mingi.

Walipata chumba kimoja Aston, karibu na uwanja wa mpira, ambapo siku za mechi dirisha lilitetemeka kwa kelele. Ajit akapata kazi ya kuosha mabasi, na baadaye ya kuyatengeneza.

Mwezi wa Februari Cleopas aligonga mlango wa chumba hicho. Hakukaa. "Gari nimelirudisha kwangu. Nataka kuliuza, lakini siwezi kumuuzia mtu kifo. Wewe unajua lilipotoboka. Njoo ulizibe."

Ajit alikwenda na vifaa vya kuazima. Alifanya kazi barabarani mbele ya nyumba, kwenye baridi, vidole vikifa ganzi. Alipanua tundu, akakata meno mapya, akatia kizibo cha chuma, akabadilisha mipira ya pedali na kuziba kila upenyo wa ukuta wa injini. Pazia la ghorofani lilisogea mara moja. Alipomaliza, akafunga madirisha yote. "Nitaliendesha mpaka Hinckley na kurudi," alisema. "Likiwa na kitu, kinipate mimi."

Cleopas akafungua mlango wa pili, akaingia.

Walipita Nuneaton. Injini ilikuwa safi, hewa safi. Walipofika pale penye majani ya kando, Cleopas akasema, "Hapa." Ajit akasimamisha gari.

"Aliniambia nisimame," Cleopas alisema. "Mtoto ametapika, mama yake akasema simama, nikasema tumechelewa. Hilo sijamwambia mtu. Kila nikitaka kukuchukia wewe vizuri, nafika hapo." Alifunika uso kwa kofia yake. Ajit hakumgusa. Alikaa na mikono kwenye usukani mpaka mwenzake alipomaliza kulia, kisha akageuza gari.

Waliporudi Peninah alikuwa mlangoni. Alikuwa amekonda. Akamkaribisha Ajit ndani, akamketisha, akamsimulia safari ile yote, hatua kwa hatua, bila kupandisha sauti, kama anavyomkabidhi mgonjwa kwa nesi wa zamu inayofuata. Kisha akauliza, "Ulipomwona mume wangu anafurahi na cheti, ulikuwa unafikiria nini?"

Ajit alitafuta jibu zuri, akaliacha. "Nilikuwa nafikiria shemeji yangu atanionaje."

Peninah akatikisa kichwa polepole. "Angalau hukuniongopea. Kukusamehe siwezi leo. Sitaki useme nimeweza."

"Sitasema, Mama Milka."

Landrova iliuzwa kwa mkulima wa Herefordshire. Kwa muda mrefu Ajit hakuwaona, isipokuwa Cleopas, ambaye mara mojamoja alipitia bohari ya mabasi wakazungumza habari za Nakuru na mvua na bei ya mahindi, wakiwa waangalifu kama watu wanaobeba sahani nyingi. Na Gurmit aliendelea na gereji. Sheria ilipobadilishwa miaka michache baadaye na ekzosi ikaingizwa katika ukaguzi, watu walisema kwamba yeye ndiye mkaguzi mkali kuliko wote Aston, hata wateja wakamkimbia. Ajit alisikia hayo. Walikutana gurudwara, hekaluni kwao, wakasalimiana kwa mikono iliyounganishwa, basi.

Mwaka wa 1976 Cleopas alipata kazi ya ualimu kwao, wakaamua kurudi. Ajit na Rajni wakaenda kuwaaga. Nyumba ilikuwa imejaa masanduku na manesi. Milka, sasa msichana mrefu, alimletea Ajit chai na kumwambia kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika, "Karibu, mjomba."

Peninah alimwita Ajit jikoni. "Gertrude amenunua gari," alisema, akifunga vikombe kwa magazeti. "Dogo, la zamani. Nimemwambia alilete kwako, lisiende kwa mtu mwingine."

"Kwa nini kwangu?"

"Kwa sababu sasa najua utamwambia likiwa bovu, hata kama kuna watu." Alifunga kikombe kingine. "Na lile jambo jingine bado. Nilidhani mpaka leo ningekuwa nimeweza. Bado."

"Sawa, Mama Milka."

"Shika upande huo, sanduku hili ni zito."

Ajit akashika, wakalibeba wote wawili mpaka sebuleni, ambapo Rajni alikuwa akiwasaidia manesi kukunja mapazia.